Na pikapu ya umeme: Nakuru, Kisumu, Kakamega, Eldoret

Jumapili, Nakuru

Mwenye gari ni mama anayeuza viazi kwa jumla hapa Nakuru. Ameniomba niandamane na pikapu yake mpya ya umeme hadi Kisumu, turudi kwa njia ya Kakamega na Eldoret, kisha nimwambie kama anunue ya pili. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Waya, sensa na kompyuta za gari ndizo zinazonipa mkate, na magari ya umeme nayatakia mema kuliko watu wengi ninaowajua. Nchi hii karibu asilimia 90 ya stima yake inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Menengai, hapa nyuma ya mji wetu, ulianza kuingia kwenye gridi 2023. Gari linalokula stima ya Menengai badala ya dizeli iliyosafirishwa kutoka ng'ambo ni jambo la kupiganiwa.

Jina la kampuni iliyoiunda sitalitaja, wala la aliyeiuza. Ni pikapu ya Kichina ya milango minne, mota mbili, betri ya uniti 70 (uniti moja ni kilowati-saa moja), yenye ruhusa ya kubeba tani moja. Asubuhi nilijilaza chini yake kwa muda mrefu. Waya za chungwa za volti kubwa zimefungwa vizuri na kukingwa na mawe, springi za nyuma ni nzito, na bamba la kulinda betri ni la chuma cha kweli. Waliotengeneza vyuma vya gari hili walimaliza kazi yao.

Kwenye skrini ndiko mambo yalikobadilika. Kufuli ya difu, inayolazimisha magurudumu ya kulia na kushoto yazunguke pamoja gari likikwama, imo katika karatasi ya mauzo, lakini kwenye skrini kitufe chake ni cha kijivu na hakibonyezeki. Ndivyo ulivyo msaada wa kushuka mlima, ndivyo ilivyo mizani ya kupima mzigo, ndivyo zilivyo waipa za kujiwasha zenyewe. Chini ya kila kimoja kuna maandishi kwamba huduma itapatikana kwa sasisho. Mama ameshalipa bei yote, na karatasi yake haikutenganisha kilichopo na kitakachokuja.

Si kampuni hii peke yake. Cybertruck ya Tesla ilipoanza kukabidhiwa wanunuzi Austin, Texas, tarehe 30 Novemba 2023, kufuli zake za difu nazo hazikuwa zikifanya kazi; ziliwashwa baadaye kwa sasisho la programu. Lakini mnunuzi wa Texas ana mtandao wa kampuni hiyo, ramani yake, kituo chake cha huduma, na lugha yake kwenye skrini. Mnunuzi wa Nakuru ana namba ya WhatsApp ya muuzaji.

Jumatatu, Nakuru hadi Kisumu

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi tukiwa na mifuko 14 ya viazi, kila mmoja kilo 50 kama kanuni za viazi za 2019 zinavyotaka, betri ikiwa imejaa. Skrini ilisema tutaenda kilomita 412. Dereva, kijana wa Njoro aliyeendesha pikapu za dizeli tangu apate leseni, aliitazama namba hiyo akasema, "Mzee wangu, hiyo ni ya barabara gani?"

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit iko karibu 2,500, na Kisumu, penye ziwa, iko 1,130 na kitu. Gari hili na mzigo wake lina uzito wa zaidi ya tani tatu. Kulipandisha hadi Mau Summit peke yake kunakula karibu uniti sita juu ya zile za safari ya kawaida. Kutoka Mau Summit hadi ziwani kuna karibu uniti 12 za mteremko, na mota zikifanya kazi ya jenereta zinaweza kukurudishia sehemu kubwa yake. Ili kompyuta ijue hayo lazima iwe na ramani yenye miinuko. Ramani ya gari hili, ukitoka Nakuru, ni uwanda mtupu wa kijivu na mshale mmoja katikati. Kwa hiyo inachofanya ni kutazama nyuma: umetumia kiasi gani kilomita chache zilizopita, basi utaendelea kutumia hivyo hivyo.

Matokeo yake tuliyaona Mau Summit. Betri ilikuwa asilimia 72, na skrini, ikiwa imetoka kupanda mlima, ikasema zimebaki kilomita 140. Kisumu ilikuwa mbele kwa kilomita 130 hivi. Dereva alipunguza mwendo akaniuliza kama tugeuze. Nilimwambia aendelee, kwa sababu mimi nilikuwa na hesabu ya miinuko kwenye daftari. Dereva asiye na fundi kando yake angegeuza, viazi vya watu vingerudi Nakuru, na mji mzima ungeambiwa kwamba gari la umeme halifiki Kisumu. Tulipofika Awasi, baada ya mteremko wa Kapsoit na Kipsitet, skrini ileile ilisema zimebaki kilomita 350. Asilimia zilikuwa zimeshuka kutoka 58 za Kericho hadi 55 tu. Betri ilifanya kazi nzuri ajabu. Aliyeieleza vibaya ni programu.

Kabla ya hapo, kuna mawili ya kuandika. La kwanza ni usukani. Gari lina mfumo wa kulishikilia ndani ya mstari wa barabara, na mfumo huo umefundishwa barabara zenye mistari. Kabla ya kufika Salgaa, mahali lami ilipowekwa kiraka, mfumo uliona ukingo wa kiraka ukadhani ni mstari, ukavuta usukani kuelekea bodaboda aliyekuwa amebeba mitungi ya maziwa. Dereva aliupinga kwa mikono miwili. Kuuzima kunahitaji kugusa skrini mara tatu, na gari likizimwa na kuwashwa tena, nao unarudi.

La pili ni Kericho. Vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na tuliipata pale mashamba ya chai yanapoanza kuzunguka barabara pande zote mbili. Waipa za gari hili zina mwendo mmoja tu kwenye kijiti cha usukani: zinapangusa mara moja kisha zinanyamaza. Mwendo wa kasi uko kwenye skrini, ndani ya ukurasa wa pili. Dereva alinyoosha kidole, na kidole kilipogusa tu, skrini ikawa nyeusi. Muziki ulikata. Feni ya kuondoa mvuke kwenye kioo, ambayo nayo inaamriwa na skrini, ikazima. Mvua ya mawe iligonga paa tukawa hatusikizani, kioo kikaingia ukungu kwa ndani, na dereva akawa anabonyeza kile kijiti kwa kila panguso moja huku akitafuta pa kuegesha, nami nikifuta kioo kwa shuka la kimasai lililokuwa kwenye kiti. Nilihesabu kwa saa yangu: skrini ilichukua dakika moja na sekunde arobaini kuwaka tena. Katika muda huo mota, breki na usukani vilifanya kazi bila tatizo, maana vina kompyuta zao. Aliyeamua kwamba waipa zifungwe kwenye kompyuta moja na muziki hajawahi kuendesha gari Kericho mwezi wa nne.

Kisumu tuliingia tukiwa na asilimia 46.

Jumanne, Kisumu

Viazi viliisha Kibuye kabla ya saa nne. Kurudi nyuma kwenye soko lile, kati ya akina mama walioketi chini na mafungu ya nyanya, si kazi ndogo, na kamera ya nyuma ilichelewa. Dereva alitia riversi, skrini ikabaki na picha ya redio kwa muda, kisha kamera ikaja gari likiwa limeshaanza kusogea. Nilimwambia aifunike kwa mkono, atumie vioo na turnboi. Marekani kosa la namna hii lina sheria: picha lazima itokee ndani ya sekunde mbili. Oktoba 2024 Tesla ililazimika kurekebisha Cybertruck zaidi ya 27,000 kwa sababu picha ya nyuma ingeweza kuchelewa hadi sekunde nane, na dawa ilikuwa sasisho la programu lililotumwa kwa intaneti. Hapo ndipo programu inapokuwa baraka, kwamba gari linatengenezwa likiwa limeegeshwa nyumbani kwa mwenyewe. Lakini palikuwa na sheria yenye namba, na mamlaka ya kuidai.

Chaji. Mjini tulipata mashine ya chaji ya kasi, nzima, ina stima, haina foleni. Kichwa chake ni cha mtindo wa Ulaya. Tundu la gari letu ni la mtindo wa Kichina. Hakuna cha kufanya hapo ila kusalimiana na mlinzi na kuondoka. Tukarudi ghala la mteja, upande wa Kondele, tukachomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Soketi hiyo kwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo uniti 38 tulizohitaji ni zaidi ya saa 16.

Mwenye ghala alituomba tuanze saa nne usiku, kwa sababu jioni ana friza za samaki zinazovuta sana. Niliweka saa ya chaji kwenye skrini: ianze 22:00, iishe 06:00. Saa kumi na moja jioni nikasikia kontakta, ile swichi kubwa ya umeme, ikigonga ndani ya gari, na feni ya kupozea ikaanza. Gari lilikuwa linachaji.

Nilidhani saa imeguswa na mtu. Nikaifuta ile ratiba, nikaweka 23:00. Mara chaji ikazima, na saa kumi na mbili jioni kamili ikaanza tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Saa inayoonekana kwenye skrini inachukuliwa kutoka kwenye simu, nayo ni ya Kenya. Kompyuta ya chaji inaishi kwa saa ya Beijing, na Beijing wako mbele yetu kwa saa tano. Saa nne usiku yao ni saa kumi na moja jioni yetu.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka ulipigie hesabu. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima kwa magari ya umeme, na mama aliomba mita yake kwa ajili hiyo: msingi wa shilingi 16 kwa uniti, na 8 kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, kabla ya tozo na kodi. Kwa wiki kadhaa amekuwa akiniambia tokeni zinaisha upesi na haoni hiyo nusu bei. Sasa najua. Gari lake limekuwa likichaji kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Saa tano za ghali, tatu za nafuu. Nilimpigia simu palepale.

"Kwa hivyo niweke saa ngapi, fundi?"

"Weka saa tisa usiku, mama, kwa saa ya gari. Itaanza saa nne yetu."

"Na wakirekebisha?"

"Itaanza saa tisa."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataandika kwenye kipande cha karatasi akibandike kwenye mita. Mama mwenye biashara ya malori mawili na pikapu, aliyenunua gari la kisasa kwa mamilioni, anabandika karatasi ukutani ili apate huduma aliyoilipia. Jambo hili liliniuma kuliko skrini ya Kericho.

Jumatano, Kisumu hadi Kakamega

Sasisho liliingia asubuhi kupitia hotspoti ya simu yangu, na bando langu likaenda nalo. Maelezo yalikuwa kwa Kichina. Nilielekeza kamera ya simu itafsiri, nikapata sentensi moja ya maana, kwamba utulivu wa mfumo umeboreshwa. Gari lilikataa kuguswa kwa saa mbili na chaji ikakatwa muda wote huo. Lilipoamka, ile skrini haikuzima tena siku nzima, na hilo nalisifu. Kufuli ya difu bado ni ya kijivu.

Ila lilibadilisha kitu ambacho halikukisema. Tulipofika mzunguko wa Kondele, dereva aliondoa mguu kwenye mafuta, kama tunavyoendelea kusema, akitegemea breki ya mota ilipunguze gari kama ilivyokuwa ikifanya tangu Nakuru. Halikupungua. Lilielea likasogea hadi karibu na tuktuk iliyosheheni abiria, akakanyaga breki kwa nguvu. Sasisho lilikuwa limerudisha breki ya mota kwenye kiwango cha chini kabisa, kimyakimya. Mtu anaendesha kwa mguu uliozoea. Ukibadilisha jinsi gari linavyopunguza mwendo bila kumwambia dereva, umemwondolea kitu alichokuwa anakitegemea, na hajui mpaka pale anapokihitaji.

Umoja wa Mataifa una kanuni kuhusu hili, namba 156, iliyoanza kutumika Januari 2021, inayomtaka mtengenezaji awe na utaratibu wa kusimamia masasisho na kumjulisha mtumiaji kinachobadilika. Ulaya imeifanya kanuni hiyo kuwa sharti kwa magari mapya yote tangu Julai 2024. Hata kampuni zenye uwezo hujikwaa: Novemba 2023 Rivian walituma sasisho lenye vyeti vya usalama visivyo sahihi, na baadhi ya magari yao, pikapu ya R1T ikiwamo, yakabaki na skrini nyeusi. Walisema hadharani ndani ya saa chache nini kimetokea, na wakarekebisha. Sisi Kisumu hatukuwa na wa kutuambia.

Tulipakia magunia ya omena tukapanda kupitia Kiboswa, Majengo na Chavakali, tukafika Kakamega giza likiingia na asilimia 57. Stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, kwa hiyo hapakuwa na kuchaji. Soketi iliyo nyuma, sehemu ya mizigo, iliwasha taa za nyumba tuliyolala na kuchaji simu za majirani, bila skrini kuuliza lolote. Hiyo ni huduma iliyokamilika, na kila aliyekuja kuiona aliipenda.

Alhamisi, Kakamega hadi Eldoret

Asubuhi gari lilikuwa limekufa. Milango haikufunguka kwa rimoti, taa hazikuwaka, skrini kimya. Wapita njia walisema betri imeisha, na kwa namna fulani walikuwa sahihi, ila si ile waliyoifikiria. Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa ilikuwa na zaidi ya nusu. Ile ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga kontakta za betri kubwa. Ikiisha, ile kubwa haifikiki.

Nilitoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango wa dereva, nikafungua boneti kwa waya wake. Mita yangu ilisoma volti 8.7. Matatu iliyokuwa ikisubiri abiria ikatuazima waya za kurushia stima, na gari likaamka. Kisha nikaliacha lilale tena, nikafunga kila mlango, nikazungusha mita ya kibano kwenye waya wa betri ndogo, nikasubiri. Gari lililolala linatakiwa kuvuta sehemu chache tu za mia za ampea moja. Hili lilikuwa linavuta ampea nne. Betri ndogo kama ile haimalizi usiku kwa ampea nne.

Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Nilipofika ya modemu, ile inayowasiliana na kampuni kwa mtandao wa simu, ampea nne zikawa 0.04. Laini yake ni ya nje. Hapa inatafuta mtandao, inakataliwa, inatafuta tena, na kila inapotafuta inaziamsha kompyuta nyingine zote, kama mtoto mchanga asiyeacha nyumba ilale. Nakuru gari huchomekwa kila usiku, na linapochaji betri kubwa hulisha ile ndogo, ndiyo maana tatizo halikuonekana. Kisumu nako lilikuwa limechomekwa. Kakamega lililala bila waya kwa mara ya kwanza.

Hapo nilisimama na fyuzi mkononi kwa muda. Nikiirudisha, gari litakufa tena usiku wowote stima zikipotea, na upande huu stima hupotea. Nikiiacha nje, masasisho yaliyoahidiwa hayatapata mlango wa kawaida wa kuingilia, wala ile difu, wala ile mizani. Kila kilichokosekana kwenye gari kimeahidiwa kupitia kifaa kilekile kinacholiua. Nilimpigia mwenye gari nikamweleza yote mawili, maana uamuzi ni wake. Akasema, "Toa, fundi. Mimi nauza viazi." Fyuzi iko kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya dashibodi, na jina lake limeandikwa juu.

Webuye tulipita mchana. Kutoka hapo barabara inapanda kuelekea Turbo, trela za kutoka Malaba zinaburuta, na asilimia zilishuka taratibu kama hesabu zangu zilivyosema. Karibu na Leseru zilikuwa 22. Kisha, ndani ya mwendo mfupi ambao hata wimbo mmoja redioni haukuisha, zikawa 15, zikawa 11, zikawa 9. Taa ya kobe ikawaka na gari likajizuia kupita kilomita 40 kwa saa.

Hili linahitaji maelezo, maana madereva wengi watakutana nalo. Betri yetu ni ya chuma na fosfeti, aina inayodumu na isiyoshika moto kwa urahisi. Kwa kazi zetu ndiyo ningeichagua. Ila ina tabia moja. Volti yake karibu haibadiliki kuanzia imejaa kiasi hadi inapokaribia kuisha, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuitazama volti ikajua kimebaki kiasi gani. Inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, na hesabu hiyo hukosea kidogo kila siku. Dawa ni kuichaji hadi ijae kabisa mara kwa mara, ili kompyuta ianze hesabu upya kutoka mahali panapojulikana. Sisi hatukuijaza tangu Nakuru: Kisumu sasisho lilikata chaji, Kakamega hakukuwa na stima. Kosa likajikusanya, na volti ilipoanza kuanguka kweli, kompyuta ikajirekebisha kwa kishindo, mlimani, mbele ya trela. Programu iliyokamilika ingemwambia dereva mapema kwamba hesabu yake imechoka, ajaze betri. Ingepunguza asilimia polepole. Mambo haya yanajulikana na yamo kwenye magari mengine yenye betri ya aina hii.

Dereva aliwasha hazadi, akashika ukingo, akapitwa na kila kitu ikiwamo baiskeli ya mkate kwenye kilima kimoja. Hakulalamika. Tuliingia Maili Nne na asilimia mbili. Binamu yake ana kisiagi cha mahindi chenye soketi ya ampea 32, nami nilikuwa nimebeba kisanduku cha chaji kinachoiweza, kilowati saba. Tulipewa mursik na ugali, tukalala fofofo.

Ijumaa, Eldoret hadi Nakuru

Betri ilikaa asilimia 99 kwa muda mrefu asubuhi, seli zikijisawazisha, kisha ikafika 100. Niliwazuia wasichomoe mapema. Breki ya mota nikairudisha kwenye kiwango cha juu, nikamwonyesha dereva pa kuangalia kila anapoanza safari.

Burnt Forest, Timboroa penye baridi, Makutano, Mau Summit. Hakuna cha kuandika, na kwa gari hilo ndiyo sifa.

Kuanzia Sachangwan kushuka Salgaa nilinyamaza. Hapa ndipo lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 wakafa, na tangu hapo mteremko huu umechukua wengine wengi, mara nyingi kwa breki zilizopata moto zikashindwa kushika. Dereva alishuka wote kwa mguu mmoja. Mota zilishikilia gari na mzigo wake, asilimia zikipanda, bila kelele. Salgaa tulisimama kando ya trela iliyokuwa inanuka breki hadi unakohoa. Nikachuchumaa nikaweka kiganja kwenye rimu yetu ya mbele, kisha ya nyuma. Baridi. Utingo wa trela alikuja akaigusa naye, akaenda kumwita dereva wake aje aguse.

Kwa ajili ya rimu ile ndiyo maana nimeandika haya yote kwa hasira. Chombo chenye uwezo wa kuokoa watu Salgaa kimetumwa kwetu na ubongo ambao haujamaliza shule, na sasisho moja la kimya linaweza kuuondoa uwezo huo usiku, bila neno.

Jumamosi, Nakuru

Mama alikuja gereji na daftari. Nilimwambia gari alilonalo alitumie Molo, Njoro, Mau Narok na kurudi, alijaze kabisa angalau mara moja kwa wiki, na fyuzi ya modemu ikae nje. La pili asilipie bado. Aliniuliza nini kiandikwe kwenye mkataba, nikamtajia: kila kitu kilicho kwenye karatasi ya mauzo kijaribiwe mbele yake siku ya kukabidhiwa, na kisichofanya kazi siku hiyo kikatwe kwenye bei, si kiahidiwe, waipa na feni ya kioo ziwe na vitufe vyake, saa ya chaji isome saa ya Kenya, na sasisho lisiingie kabla ya maelezo yake kuletwa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Muuzaji amejibu kuhusu saa ya chaji. Anasema wameiandikia kampuni, na kwamba hakuna mteja mwingine aliyewahi kulalamika. Mama amemwomba namba za wateja hao wengine, nami nimejitolea kwenda kwao na mita yangu.